Kuchapa vihisi vinavyokunjika kwa polima inayopitisha umeme: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya wanafunzi, wakufunzi na mafundi wa Dodoma na kanda ya kati wenye printa ya 3D ya filamenti, wanaotaka kutengeneza kihisi cha mkunjo, mguso au mgandamizo. Tunasema "kihisi" kwa makusudi, maana huku makao makuu ukisema "sensa" watu wanafikiria kuhesabiwa. Kabla hujasoma zaidi, shika hili: kihisi cha plastiki ya kaboni ni hodari wa kutambua kwamba kitu kimebadilika sasa hivi. Kukitumia kama rula ni kukionea, na wengi wanaokata tamaa nacho walianzia hapo.

Plastiki si kihami umeme? Inapitishaje?

TPU yenyewe, ile plastiki yenye tabia ya mpira, haipitishi umeme. Kiwandani huchanganywa na masizi ya kaboni, chembe ndogo sana zinazoshikana na kutengeneza minyororo ndani ya plastiki. Masizi yakiwa machache, minyororo haigusani na umeme haupiti. Yakivuka kizingiti fulani, njia zinafunguka kwa ghafla na ukinzani unashuka mara maelfu. Ukikunja au kuvuta plastiki hiyo, chembe zinaachana, baadhi ya njia zinakatika, na ukinzani unapanda. Kupanda huko ndiko tunakokisoma.

Zipo pia polima zinazopitisha umeme zenyewe bila masizi. Ugunduzi wa mwaka 1977 juu ya poliasetilini ndio uliowapa Alan Heeger, Alan MacDiarmid na Hideki Shirakawa tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2000. Hizo kwa kawaida hazipiti kwenye printa ya filamenti; tutazigusa mbele.

Ninunue filamenti ipi?

TPU yenye kaboni, kipenyo cha milimita 1.75, ugumu wa Shore (kipimo cha ugumu wa mpira) kati ya 90A na 95A. PLA yenye kaboni (PLA ni plastiki ngumu ya kawaida ya printa) ni rahisi kuchapa lakini inavunjika ukiikunja, kwa hiyo ibakize kwenye vitufe vya mguso. Halafu usidanganywe na neno "inapitisha umeme" kwenye boksi. Tafuta ukinzani mahsusi, unaoandikwa kwa Ω·cm (omu sentimita), kwa sababu tofauti kati ya bidhaa ni kubwa mno.

Hesabu ni hii: ukinzani ni ukinzani mahsusi mara urefu wa njia, gawanya kwa eneo la mkato wake. Chukua njia yenye urefu wa sentimita 16, upana milimita 2 na unene milimita 0.6. Eneo la mkato ni sentimita za mraba 0.012. Filamenti ya 4 Ω·cm itakupa kama 5.3 kΩ. Ya 300 Ω·cm itakupa 400 kΩ kwa mchoro uleule. Zote mbili zinafanya kazi, ila saketi zake ni tofauti kabisa. Tegemea pia kwamba kilichochapwa kitasoma juu kuliko hesabu, kwa sababu kati ya mstari na mstari, na kati ya tabaka na tabaka, mgusano haujakamilika.

Printa yangu ya kawaida inatosha?

Inatosha kama gia ya kusukuma filamenti iko juu ya kichwa chenyewe. Printa zinazosukuma kwa bomba refu zinasumbuka: TPU inajikunja ndani ya bomba kama uzi unaosukumwa badala ya kuvutwa. Nozo, yaani mdomo unaotoa plastiki iliyoyeyuka, iwe ya chuma kigumu, tundu la milimita 0.6. Masizi yanakwangua shaba, na tundu la 0.4 huziba mara kwa mara kwa sababu mchanganyiko huu ni mzito unapoyeyuka.

Dodoma ni kavu. Kuna haja gani ya kukausha filamenti?

Ipo, na kosa la kutokausha linaharibu kazi nyingi kuliko joto la nozo. Filamenti haizaliwi Dodoma. Mara nyingi inafika kwa kupitia Dar es Salaam, inakaa ghalani kwenye hewa ya pwani, na TPU inafyonza unyevu kwa haraka. Kuiweka mezani Nkuhungu, hapa Dodoma, mwezi Agosti hakutoi maji yaliyokwisha kuingia ndani. Mvua za Desemba hadi Aprili nazo zinaongeza.

Dalili ni za kusikia na kuona. Weka sikio karibu na nozo: ukisikia mlio mdogo wa kupasuka, kama mafuta ya moto yaliyodondokewa na tone la maji, hayo ni maji yanageuka mvuke. Mstari unaotoka unakuwa na vijitundu na mng'ao wake unapotea. Kila kijitundu ni mahali ambapo mnyororo wa kaboni umekatika, kwa hiyo ukinzani unaweza kupanda mara mbili bila wewe kubadilisha chochote.

Kausha kwa nyuzi 50 hadi 55 za Selsiasi kwa saa 6 hadi 8, kwenye mashine ya kukaushia filamenti. Oveni ya jikoni haifai kama huwezi kuipima kwa kipimajoto cha pembeni. Nyingi hupita nyuzi 80 kabla hazijatulia, na filamenti inagandana kwenye roli. Baada ya hapo itunze kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko wa mpira, na ndani weka gramu 100 hivi za silika, chembe za kufyonza unyevu.

Kiangazi kinaleta adui mwingine: vumbi. Upepo wa Julai unapakaza vumbi laini jekundu juu ya filamenti, nalo linaishia kwenye nozo. Kata kipande cha sponji, kikunje kwenye filamenti kabla haijaingia kwenye gia, kibane kwa kibanio cha nguo. Utashangaa rangi yake baada ya wiki moja.

Nianze na mipangilio gani?

Nozo nyuzi 225. Kitanda nyuzi 40, au kizime kabisa, maana TPU hushika bila kubembelezwa; kwenye bamba la PEI (plastiki inayofunika vitanda vingi vya printa) hushika hadi kulibandua, hivyo paka gundi ya karatasi kwanza ili itenganishe. Tabaka milimita 0.3. Mwendo milimita 20 kwa sekunde. Kurudisha filamenti nyuma kusizidi milimita 1. Feni asilimia 0 kwenye matabaka ya kaboni, kwa sababu tabaka likipoa haraka halishikani vizuri na lililo chini yake. Ongeza wingi wa plastiki inayotoka kwa asilimia 3 hadi 5 ili mistari ibanane.

Mwelekeo wa mistari una uzito kuliko joto. Panga mistari ifuate njia ya umeme, toka mwanzo hadi mwisho. Ukiiacha programu ijaze kwa mshazari, umeme unalazimika kuruka toka mstari hadi mstari, na ukinzani unapanda bila faida. Njia rahisi ni kuagiza kuta tu: upana wa njia uwe mistari mitatu ya milimita 0.65, bila kujaza katikati.

Nimechapa vizuri, mita inasoma, lakini nikikunja hakuna kinachobadilika. Kwa nini?

Karibu kila mara ni kwa sababu umeweka kaboni katikati kabisa ya unene. Kipande kikikunjwa, upande wa nje unavutika na wa ndani unabanwa. Katikati pana mstari usiovutika wala kubanwa. Ukifunika njia ya umeme kwa matabaka sawa juu na chini, umeitia palepale ambapo hakuna kinachotokea.

Isogeze kuelekea nje. Mfano unaofanya kazi: chini matabaka 4 ya TPU isiyopitisha umeme (milimita 1.2), kisha matabaka 2 ya kaboni (0.6), kisha tabaka 1 la kufunika (0.3). Unene wote ni milimita 2.1, katikati yake ni 1.05, na kiini cha kaboni kiko 1.5. Tofauti ya milimita 0.45 inaonekana ndogo, lakini ukikizungushia kihisi bomba la kipenyo cha milimita 20, kaboni inavutika kama asilimia 4. Kwenye bomba la milimita 40 ni kama asilimia 2. Kwa mpangilio wa katikati ungepata karibu sifuri kote kuwili.

Umbo liwe la herufi U iliyorefuka: miguu miwili ya milimita 80, ili waya zote mbili zitokee upande mmoja. Acha milimita 3 kati ya miguu. Pale inapopinda, panua njia hadi milimita 5, vinginevyo kona ndiyo itakayochoka kwanza. Pedi za kuunganishia waya ziwe milimita 8 kwa 8.

Nina nozo moja. Nitabadilishaje filamenti katikati?

Weka amri ya kusimama kwenye tabaka husika (M600 kwenye printa nyingi), toa ya kwanza, ingiza ya pili, sukuma hadi rangi ibadilike kabisa. Tumia TPU nyeupe kwa sehemu isiyopitisha umeme. Ni uamuzi wenye maana, kwa sababu masizi yaliyobaki kwenye nozo yanajionyesha kama moshi wa kijivu ndani ya weupe. Ukiona kijivu kati ya miguu ya U, pima hapo: umeme unaweza kuwa unavuja.

Kusafisha nozo kunakula kama milimita 150 za filamenti kila mara, yaani sentimita za ujazo 0.36. Njia yenyewe ya kihisi kimoja ni sentimita za ujazo 0.19 tu. Maana yake, ukichapa kihisi kimoja kimoja unatupa filamenti ya bei kubwa kuliko unayoitumia. Panga kumi kitandani, ubadilishe mara mbili tu kwa wote.

Niunganishe waya vipi? Nikilehemu plastiki inayeyuka.

Usilehemu kwenye plastiki. Lehemu inayeyuka juu ya joto ambalo TPU inalivumilia, na hata ikikaa haishikani na kaboni. Hapa ndipo vihisi vingi vinapofia, kwa hiyo tumia muda.

Njia ya kuaminika zaidi ni bolti ya M3 yenye washa mbili pana. Toboa pedi kwa pini ya moto, paka rangi ya fedha inayopitisha umeme kuzunguka tundu, subiri ikauke, weka washa, kaza mpaka plastiki ianze tu kufinyika, simama hapo. Ukikaza zaidi, TPU inatiririka taratibu kutoka chini ya washa, na baada ya siku mbili bolti imelegea yenyewe. Nati yenye nailoni ndani husaidia isirudi nyuma.

Kwa kitu cha kuvaa, vifungo vya chuma vya kubana, vile vya nguo za watoto, ni vizuri sana. Fundi cherehani ana kifaa cha kuvibana. Waya ulehemu kwenye kifungo kabla hakijakaa kwenye plastiki.

Njia ya tatu ni kuuchovya waya ndani: chuna waya wa nyuzinyuzi sentimita 1, utawanye kama ufagio, uulaze kwenye pedi, uguse kwa pasi ya kulehemu iliyopunguzwa hadi nyuzi 220 kama sekunde 3, kisha ufunike kwa kipande cha filamenti ileile.

Mgusano ukiwa mbovu utaujua hivi: tikisa waya bila kukunja kihisi. Namba ikiruka, tatizo haliko kwenye kaboni. Ndiyo maana pia ncha za mita zikishikiliwa kwa mkono juu ya plastiki hutoa namba isiyotulia. Bana kwa kilipu, au pima baada ya kufunga bolti.

Umeme ukikatika katikati ya kazi, niendelee ulipoishia?

Kama ilikuwa kwenye tabaka jeupe, endelea. Kama ilikuwa kwenye kaboni, tupa. Plastiki iliyopoa haishikani sawasawa na ya moto inayofuata, na unabaki na mshono usioonekana ambao utapasuka baada ya mikunjo michache. UPS (betri ya akiba) ndogo inasaidia kwa katizo fupi, na ukizima joto la kitanda itadumu zaidi, maana kitanda ndicho kinachokula umeme mwingi kwenye mashine hizi.

Nisomeje kwa Arduino, ile bodi ndogo ya kompyuta?

Kwa kigawa volti. Pima ukinzani kihisi kikiwa kimenyooka, kisha kikiwa kimekunjwa mwisho. Zidisha namba hizo mbili, tafuta kipeuo cha pili, chagua rezista iliyo karibu. Tuseme 6 kΩ na 9 kΩ: kipeuo ni 7.3 kΩ, na rezista ya 6.8 kΩ inapatikana kwa fundi redio yeyote. Rezista ipate volti 5, kihisi kiende kwenye ardhi (pini ya GND), katikati pasomwe.

Volti itatoka 2.34 hadi 2.85. Kwa bodi ya Arduino Uno hiyo ni takribani hatua 103 tu kati ya 1,024 inazoweza kutofautisha. Inatosha kujua kidole kimekunjwa au la, haitoshi zaidi. Moduli ya ADS1115, inayosoma volti kwa hatua ndogo zaidi, ikiwekwa kwenye kipimo cha volti 4.096, itagawa nafasi hiyohiyo kwa hatua zaidi ya 4,000. Ni nyongeza yenye thamani kuliko bodi ya bei kubwa.

Filamenti yako ikiwa ya mamia ya kΩ, pini ya Uno itasoma vibaya, kwani inataka chanzo kisichozidi kama 10 kΩ. Weka kapasita (kifaa kidogo cha kuhifadhi chaji) ya nF 100 kati ya pini na ardhi. Waya pia uwe mfupi, la sivyo utasoma mlio wa hertzi 50 wa umeme wa nyumba. Soma mara 16, chukua namba ya katikati.

Nikikunjua, namba hairudi ilipoanza. Kimeharibika?

Hapana. Plastiki inarudi haraka kwa macho, lakini minyororo ya kaboni inajiunga upya polepole. Dakika kadhaa si ajabu. Kihisi kipya ndicho kibaya zaidi. Kikunje mara 50 kabla ya kupima chochote, na utaona mizunguko ya mwanzo inatofautiana sana, kisha inatulia.

Kwenye programu, usiweke kizingiti kimoja cha kudumu. Acha "sifuri" ifuate usomaji taratibu, kwa mfano asilimia 1 ya tofauti kila usomaji, wakati hakuna mwendo. Kisha tafuta mruko juu ya sifuri hiyo.

Mkunjo mmoja unanipa vilele viwili. Kwa nini?

Ni tabia inayojulikana ya mpira wenye kaboni. Unapovuta, njia za zamani zinakatika. Unapoachia, kujipanga upya kwa chembe kunakata nyingine kabla hazijaungana, na ukinzani unapanda kidogo tena. Kama unahesabu mikunjo, usihesabu vilele. Hesabu kuvuka kizingiti kwenda juu, kisha puuza kila kitu kwa milisekunde 300.

Asubuhi namba nyingine, mchana nyingine.

Ukinzani wa mchanganyiko huu unabadilika na joto, na Dodoma ya Julai inaweza kuanza na baridi ya koti na kufika mchana wa shati jepesi. Dawa ni kuchapa kihisi cha pili kinachofanana kabisa, kutoka roli lilelile, usikikunje, ukiweke kando ya cha kwanza mahali pa ile rezista ya 6.8 kΩ. Joto likiwabadilisha wote kwa uwiano mmoja, volti ya katikati haisogei. Juani hesabu inavurugika, kwa sababu plastiki nyeusi inapata moto kuliko hewa na kivuli kidogo tu kinatofautisha vihisi viwili. Funika vyote.

Naweza kupima unene wa shina la mzabibu unavyoongezeka?

Tungependa jibu liwe ndiyo, kwa sababu wakulima wa zabibu wa hapa wangefaidika na kipimo cha namna hiyo. Lakini shina linakua kwa wiki, na ndani ya wiki kihisi hiki kitahama chenyewe kwa joto na kwa kulegea kwa plastiki, zaidi ya shina lilivyokua. Tumia mkanda wa chuma wenye springi kwa kazi hiyo. Polima ipeleke kwenye matukio ya haraka: gunia la alizeti linapokanyaga mkeka wa kuhesabia, mlango wa banda, bapa linalokunjwa na upepo, vidole vya mgonjwa kwenye glovu ya mazoezi ya viungo.

Glovu hiyo ni kazi nzuri ya mwanafunzi, mradi ibaki ya kuonyesha na kuhesabu mazoezi. Kifaa cha kumtibu au kumpima mgonjwa kiko chini ya TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Funika kaboni isiguse ngozi, tumia betri, usichomeke kompyuta iliyo kwenye chaji wakati mtu amevaa.

Kuna namna ya kuepuka kuhama kwa namba?

Geuza kihisi kiwe kapasita. Chapa bamba mbili za kaboni za milimita 20 kwa 20, kati yake weka TPU ya kawaida ya milimita 0.4. Ukichukulia kigezo cha dielektri cha TPU (uwezo wake wa kuhifadhi chaji) kuwa 5, utapata pF (pikofaradi) 44 hivi. Ukibonyeza, unene unapungua na namba inapanda. Hapa ukinzani wa kaboni ukihama hauna madhara makubwa. Gharama yake ni kwamba mkono ukikaribia tu unasomwa, kwa hiyo bamba la nje liunge kwenye ardhi.

Na zile polima zinazopitisha zenyewe?

Inayotumika zaidi ni PEDOT:PSS, wino wa maji unaosukumwa kwa bomba la sindano. Inataka unene wa wino unaodhibitiwa na ukaushaji wa uangalifu. Ianze maabara yenye vifaa, si karakana.

Je, ni salama kufanyia chumbani?

Fungua madirisha, usipite nyuzi 240. Usijaribu kuchanganya masizi ya kaboni ya unga mwenyewe. Unga huo ukivutwa ni hatari, na IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, imeuweka kundi 2B, yaani unaoweza kusababisha saratani. Ndani ya filamenti umefungwa.

Mita inaonyesha OL, yaani ukinzani umepita kipimo chake. Nianzie wapi?

Anza kwenye bolti, si kwenye printa. Kaza, pima. Bado? Choma pini mbili kwenye njia ya kaboni, sentimita 1 kutoka pedi, pima kati yake, kisha sogeza pini moja sentimita moja moja kuelekea kona ya U. Namba inapaswa kupanda kwa hatua zinazolingana. Pale inaporuka ghafla ndipo penye mpasuko. Kata kipande hicho, kiangalie kwa kamera ya simu iliyokuzwa: ukiona vijitundu, rudi kwenye kukausha, ukiona matabaka yameachana, zima feni na ongeza nyuzi 5.